Nguzo ya taa inatekenya mkono, na fundi anataka flodilaiti 14: tuanzie wapi na taa za nje?

*Shikamoo fundi. Tumehamia kwenye nyumba yetu Kigamboni, kama mita mia nne kutoka baharini. Kiwanja ni mita 30 kwa 40. Mbele kuna minazi mitatu na mwembe mmoja mkubwa, fensi ya mawe ya matumbawe, na njia ya pevingi kutoka getini hadi barazani. Fundi aliyetufanyia waya za ndani anashauri tuzungushe fensi kwa flodilaiti 14 za wati 50, ziwake usiku kucha kwa ajili ya usalama. Mume wangu anataka taa za sola za "wati 300" kama za jirani ili tusile umeme wa LUKU. Mimi nataka bustani ipendeze tu, jioni tukae nje. Halafu taa mbili za nguzo tulizozikuta getini zinaingia maji, na binti anayetusaidia kazi anasema akishika nguzo moja wakati wa kumwagilia maua inamtekenya mkono. Tuanzie wapi?*

Marahaba, dada yangu, na hongereni kwa kuhamia kwenu. Umeuliza mambo manne kwa mpigo, na lililo zito kuliko yote umeliweka mwishoni kama jambo la kupita: hiyo nguzo inayomtekenya binti. Nitaanza nalo. Tena nakuomba, kabla hujaendelea kusoma, nenda kwenye boksi la breka ukazime breka ya taa za getini.

Nimesema breka kwa makusudi, maana swichi ya ukutani haitoshi. Kuna nyumba nyingi ambazo fundi aliipitisha swichi kwenye waya wa nyutro, ule unaorudisha umeme, badala ya waya wa moto, ule unaouleta. Taa inazimika vizuri tu, hakuna anayeshuku kitu, kumbe moto bado umefika kwenye nguzo. Kama hujui breka ipi ni ya getini, zima moja moja huku mtu akiangalia taa, ukiipata ibandike tepu na karatasi iliyoandikwa "usiwashe". Ikiwa taa hizo zimeungwa pamoja na soketi za sebuleni na hazina breka yake, zima breka hiyo yote hadi fundi aje azitenganishe. Na binti aambiwe waziwazi asiiguse nguzo wala asimwagilie upande ule.

Watu wengi husema "ina umeme kidogo tu". Nguzo yenye hitilafu inaweza kuwa na karibu volti zote 230 zilizo kwenye soketi ya ndani. Kilichokuwa kidogo ni mkondo uliopita mwilini siku ile, na kilichoupunguza ni ndala za mpira alizovaa, au ngozi kavu, au zege kavu alilosimama juu yake. Mtu huanza kuhisi umeme mkondo ukifika kama miliampea moja. Ukipita miliampea kumi hivi, misuli ya mkono hujikaza na mtu anashindwa kuachia alichoshika. Kuanzia miliampea 30 kwenda juu, ukidumu sekunde chache, moyo unaweza kuvurugika mapigo. Kati ya kutekenywa na kunaswa kuna miguu pekupeku na udongo uliolowa, na binti wenu anamwagilia maua.

Sasa swali linalowachanganya wengi: mbona breka haikukata? Kwa sababu breka haijatengenezwa kulinda mtu. Inalinda waya usiungue. Breka ya ampea 10 inasubiri mkondo uzidi ampea 10, yaani miliampea elfu kumi, ndipo ianze kufikiria kukata, na ili ikate papo hapo inahitaji mkondo mkubwa zaidi ya huo mara kadhaa. "Lakini tuna ethi," mtaniambia, yaani ule waya unaoungwa na rodi ya chuma iliyochomekwa ardhini. Hapo ndipo udongo wa pwani unapowaangusha watu. Mchanga mkavu haupitishi umeme vizuri. Tuseme rodi yenu ya ethi, ikipimwa, inatoa omu 100, jambo ambalo kwenye mchanga si la kushangaza. Waya wa moto ukigusa nguzo ya chuma, mkondo utakaokwenda ardhini ni volti 230 gawanya kwa omu 100: ampea 2.3. Huo ni pungufu ya unaotumiwa na pasi ya nguo. Breka inauona kama matumizi ya kawaida, nguzo inabaki na umeme mchana na usiku, na hakuna dalili yoyote hadi mtu aishike.

Kifaa kinachomlinda mtu kinaitwa RCD, na wauzaji wa Kariakoo wengine watakuelewa haraka ukisema RCCB. Kazi yake ni kama ya mweka hazina: kinahesabu mkondo uliotoka kwenye waya wa moto na uliorudi kwenye nyutro, na hesabu isipolingana kwa miliampea 30, kinafunga duka ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Hakijali kama uliopotea umepita kwenye ethi, kwenye maji au kwenye mwili wa mtoto. Kwenye mfano wetu wa omu 100, kingekuwa kimekata siku ileile nguzo ilipoanza kuvuja. Kwa hiyo taa zote za nje, pamoja na soketi za nje na pampu ya maji, zipite kwenye RCD ya miliampea 30. Isiwe ya 100 wala 300, hizo ni za kuzuia moto wa nyumba. Na RCD haiondoi haja ya ethi. Vyote viwili viwepo.

Jambo hili halisubiri bajeti ya bustani. Hata mkiahirisha mengine yote mwaka mzima, lifanyeni wiki hii.

Nguzo zenyewe zinaingia maji kwa nini? Huenda mpira wa kuziba umezeeka. Lakini kuna sababu nyingine isiyofahamika sana. Taa ikiwaka hewa ya ndani hupata joto, hutanuka na kutoka taratibu kwenye upenyo wowote. Ikizimwa hewa hupoa, husinyaa na kuvuta ya nje, na hewa ya Kigamboni usiku imejaa unyevu na chumvi. Kila usiku inavuta kidogo, kidogo, mwisho unakuta maji yamekaa chini ya kioo na hakuna mvua iliyonyesha. Ndiyo maana mahali waya unapoingilia pana maana kuliko kioo. Waya uingie kwa chini, upite kwenye glendi, ile nati yenye mpira inayobana waya, iliyokazwa na inayolingana na unene wa waya. Ukiona fundi anapitisha waya mbili nyembamba kwenye tundu moja kubwa halafu anazungushia tepu, msimamishe hapohapo.

Mkinunua mpya, angalieni herufi IP na tarakimu mbili. Ya kwanza ni vumbi, ya pili ni maji. IP44 inastahimili matone na michirizi, inafaa chini ya paa la baraza. IP65 inastahimili maji ya mpira wa kumwagilia, inafaa ukutani na kwenye nguzo. Taa za kuzikwa ardhini ziwe IP67 angalau, maana mvua za masika zitazifunika. Tahadhari moja: IP haisemi lolote kuhusu chumvi. Taa ya alumini iliyopakwa rangi inaweza kuwa IP65 halali, na bado mita mia nne kutoka baharini rangi ikababuka na skrubu zikala kutu mpaka hazifunguki. Kwenu nashauri shaba, au chuma cha pua cha daraja la 316, au plastiki nzito iliyotengenezewa kukaa juani. Kabla ya kulipa angalia skrubu. Mwili mzuri wenye skrubu za chuma cha kawaida utaharibika kuanzia kwenye skrubu.

Tuje kwa flodilaiti 14. Fundi wenu ana nia njema, lakini mwanga mwingi na usalama ni vitu viwili tofauti. Jaribuni wenyewe: chukueni flodilaiti moja, iwasheni usiku ikiwa inawaelekea, halafu mwambieni mtu asimame mita tano nyuma yake. Hamtamwona. Jicho hujirekebisha kufuata kitu chenye mwanga mkali kuliko vyote mbele yake, na kila kilicho nyuma ya mwanga huo hugeuka kuwa giza. Likishazoea mwanga mkali, linahitaji hata nusu saa kuzoea giza kikamilifu. Mlinzi anayekaa chini ya taa ya namna hiyo anaonekana vizuri na yeyote aliye nje, wakati yeye mwenyewe haoni kitu. Kisha kila mti na kila pembe ya banda inapata kivuli kizito, mahali pazuri pa mtu kujibanza.

Na gharama ipo. Taa 14 za wati 50 ni wati 700. Kwa saa 12 ni yuniti 8.4 kwa usiku mmoja, yuniti 252 kwa mwezi. Kwa mteja wa kawaida wa mjini, ambaye yuniti moja humfikia karibu shilingi 360 pamoja na kodi, hiyo ni zaidi ya shilingi 90,000 kila mwezi. Jirani zenu nao watalala na mwanga wenu kwenye mapazia.

Kinachofanya kazi vizuri zaidi ni mwanga mdogo, tulivu, unaowaka usiku kucha sehemu mbili tu, getini na mlangoni, kisha flodilaiti tatu au nne za wati 20 zenye sensa kwenye pembe zilizojificha. Mwanga unaowaka ghafla humshtua aliyeingia na kumwita aliye ndani. Unaowaka siku zote kila mtu ameshauzoea. Ila sensa hizi zina tabia yake. Zinasoma joto la mwili linalosogea, na zinamwona vizuri anayekatiza mbele yake kuliko anayezijia moja kwa moja. Kwa hiyo zifungeni zikitazama pembeni mwa njia, kimo cha mita mbili hadi mbili na nusu. Tena mwezi wa kwanza na wa pili, ukuta uliochomwa na jua mchana kutwa bado una joto saa tatu usiku, na tofauti kati ya ukuta na mwili wa mtu inakuwa ndogo. Sensa iliyoandikwa mita 12 msiitegemee kwa mita 12.

Mume wako ana hoja kuhusu sola, hasa umeme unapokatika, kwa sababu ndipo taa za nje zinapohitajika zaidi. Lakini hizo "wati 300" si za kweli, na hesabu yake mnaweza kuifanya mezani. Pimeni paneli ya taa ya jirani. Nyingi hazizidi sana karatasi ya A4. Jua kali la mchana linamwaga takribani wati 1,000 kwenye kila mita moja ya mraba, na paneli nzuri inageuza kama asilimia 20 kuwa umeme. Paneli ya ukubwa wa A4 basi haiwezi kutoa zaidi ya wati 12 hivi. Kwa siku nzuri, jua letu ni sawa na saa tano za jua kamili, zidisha upate wati-saa 60, na baada ya upotevu kwenye betri na saketi zinabaki kama 45. Taa ya wati 300 za kweli ingezimaliza kwa dakika tisa. Kama inawaka mpaka alfajiri, jueni inatumia chini ya wati nne.

Na wati nne si haba! Kwa LED nzuri ni kama balbu ya zamani ya wati 40. Inaonyesha njia na inaonyesha nani amesimama getini. Ubaya ni bei ya 300 kwa kitu cha 4. Mkinunua, msiangalie namba kubwa ya kwenye boksi. Ulizeni wati za paneli, na volti na miliampea-saa za betri. Betri ya volti 3.2 na mAh 10,000 ni wati-saa 32, na hapo ndipo mwisho wake. Chagueni yenye betri ya lithiamu ya aina ya fosfeti, ambayo inavumilia joto na kudumu kuliko nyingine, na inayoweza kufunguliwa ikabadilishwa. Paneli iwe mbali na taa, imeunganishwa kwa waya, ili paneli iwe juani na taa iwe unapoitaka. Chini ya mwembe wenu paneli haitachaji kitu. Kwa kuwa tuko kusini kidogo mwa ikweta, paneli iinamishwe kuelekea kaskazini, nyuzi 10 hadi 15 zinatosha, maji ya mvua yateremke na vumbi. Wakati wa masika, mawingu yakikaa siku tatu mfululizo, zitafifia mapema, na hakuna ujanja wa kulizuia hilo isipokuwa paneli na betri kubwa zaidi.

Vile vijiti vya sola vya kuchomeka kwenye majani sivipendekezi kwenu. Vinapendeza wiki chache, chumvi inakula viungo, vinageuka taka za plastiki kwenye bustani.

Kwa bustani yenyewe, ile unayoitaka wewe, ushauri wangu ni taa za volti 12 zinazopata umeme kupitia transfoma iliyo barazani. Ibaki mahali pakavu, iwe transfoma ya usalama inayotenganisha kabisa upande wa 230 na upande wa 12, na ipite kwenye ile RCD. Sababu ni rahisi: jembe likikata waya wa volti 12, taa zinazimika tu. Likikata waya wa 230 uliofukiwa kienyeji, hadithi ni nyingine. Mtoto akishika taa iliyopasuka, mbwa akitafuna waya, mtunza bustani akichimba shimo la mgomba, hakuna msiba.

Lakini volti 12 ina adui wake, na mafundi wengi waliozoea 230 hawamjui. Chukua taa zenye jumla ya wati 66, umbali wa mita 30. Kwa volti 230 zinavuta kama ampea 0.3, na hata waya wa milimita 1.5 unapoteza robo ya volti, hakuna atakayegundua. Kwa volti 12, wati zilezile zinavuta ampea 5.5. Waya uleule wa milimita 1.5 sasa unapoteza karibu volti 4 njiani, na taa za mwisho zinapata volti 8. Ndiyo sababu unaona bustani ambayo taa za karibu na nyumba zinang'aa na za getini zimefifia, halafu fundi analaumu taa. Tumieni waya wa milimita 4, na gaweni taa katika njia mbili zinazotoka kwenye transfoma, kila moja na nusu ya mzigo. Upotevu unashuka hadi chini ya volti moja, na macho hayatatambua tofauti. Transfoma nayo isijazwe mpaka juu. Kwa wati 66 nunueni ya 100 au 150, iwepo nafasi ya kuongeza taa baadaye.

Viungo vya waya ardhini ndipo mifumo mingi hufia. Tepu nyeusi haizuii maji, inayaficha tu. Kila kiungo kiwe ndani ya konekta yenye jeli au boksi lililojazwa rezini, na ikiwezekana viungo viwe juu ya ardhi ndani ya taa zenyewe. Waya wa 230 unaokwenda getini uwe ule wenye ngao ya waya za chuma, uzikwe sentimita 50 hadi 60, juu yake mchanga safi, kisha utepe wa onyo kabla ya kurudishia udongo. Pigeni picha mtaro ukiwa wazi, na mita ya kupimia ikionekana. Picha hizo mtazishukuru siku mtakapotaka kupanda mti.

Taa ziwekwe wapi? Kabla ya kununua hata moja, subirini usiku usio na mbalamwezi, chukueni tochi mbili na mzunguke. Elekeza tochi moja kwenye shina la mnazi kutoka chini, mumeo asimame barazani aangalie. Sogeza karibu, sogeza mbali. Jioni moja ya namna hii itawafundisha kuliko katalogi yoyote.

Minazi yenu inataka mwanga mwembamba, wa nyuzi kama 15 hadi 25, taa moja ya wati 6 karibu na shina, ipande na zile pete za gome mpaka kwenye makuti. Mwembe ni kitu kingine kabisa: ni mpana na mzito, taa moja itaufanya uonekane bapa. Wekeni mbili za wati 7, moja karibu na shina, nyingine pembeni kidogo, na upande mmoja uachwe na giza ili umbo lake lionekane. Na ukuta wa matumbawe! Huo ndio hazina yenu, na flodilaiti zingeuua. Jiwe la matumbawe lina vishimo na mikunjo ambayo mwanga wa mbele unaifuta. Weka taa ndogo ya wati 4 sentimita 20 hadi 30 tu kutoka ukutani, ielekee juu, mwanga upite ukilamba jiwe kwa ubavu. Kila kishimo kitatoa kivuli chake. Taa nne za hivyo, kwenye sehemu mnayoitazama mkiwa barazani, zinatosha. Msizungushe ukuta mzima. Kwenye njia ya pevingi, taa sita fupi za wati 3 zenye kofia inayofunika balbu, zikipishana kushoto na kulia, mita mbili hadi tatu kati ya moja na nyingine. Kanuni ya zote ni moja: uone kinachomulikwa, usiione balbu.

Rangi ya mwanga msiichukulie wepesi. Dukani mtapewa nyeupe ya 6500K kwa sababu ndiyo imejaa na inaonekana kali. Ombeni 2700K au 3000K, yenye umanjano kidogo. Ngozi za watu zinapendeza, majani hayageuki ya kijivu, na wadudu wanapungua, maana wengi wao huvutwa zaidi na mwanga wenye bluu. Mbu ni habari nyingine: wao wanafuata pumzi na harufu ya mwili, kwa hiyo msitegemee balbu ya rangi fulani kuwafukuza.

Kwa kuwa mko karibu na bahari, kuna wengine wanaoathirika na taa zenu. Fukwe za kusini mwa Dar es Salaam ni mahali kasa wanapotagia, na shirika la Sea Sense limefanya kazi na wanavijiji kulinda viota vyao. Vifaranga wa kasa hutoka mchangani usiku na kuelekea upande wenye mwanga zaidi, ambao kwa asili ni bahari. Taa kali zikiwa nchi kavu wanageuka, wanakwenda barabarani na kukaukia huko. Taa zenu mita mia nne mbali, zikiwa zimeinamishwa chini na za manjano, hazitawasumbua. Flodilaiti 14 nyeupe zinazong'arisha mbingu ni jambo jingine. Taa za minazi, zinazomulika kuelekea juu, zisikeshe.

Saa zake basi: jua letu huzama kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasoro robo jioni mwaka mzima, kwa hiyo taima ya kawaida inafaa bila kubadilishwa kila msimu. Bustani iwake saa 1 jioni hadi saa 6 usiku, geti na mlango viendelee mpaka asubuhi. Hesabu ya nilichokieleza, wati 66 za bustani na taa mbili za wati 7 za getini na mlangoni, ni kama nusu yuniti kwa usiku. Shilingi elfu tano na kitu kwa mwezi, badala ya 90,000.

Kazi mnazoweza kufanya wenyewe ni kupanga, kujaribu kwa tochi, kuchimba mitaro, na kuchomeka taa za volti 12. Upande wa 230 na ethi ni wa fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, na leseni ombeni kuiona, ni haki yenu, fundi mzuri hakasiriki. Mwambieni aje na vipimo vitatu: cha ukinzani wa ethi, cha kupima uvujaji kwenye waya, na cha kuhakikisha RCD inakata kwa miliampea na muda unaotakiwa. Asiwe na testa ya bisibisi tu. Namba alizopata aziandike kwenye karatasi na ibaki nyumbani kwenu. Kama fundi wenu wa sasa ana leseni na vipimo, aendelee. Msimfukuze kwa sababu ya flodilaiti, mwonyesheni hesabu.

Kuna hali moja ambayo hata fundi wenu asiiguse. Mkizima meni swichi ya nyumba nzima na nguzo, bomba la maji au ukuta bado unatekenya, tatizo linaweza kuwa linatokea nje ya nyumba yenu, kwenye laini au nyutro ya shirika la umeme, TANESCO. Kaeni mbali, wazuieni watoto, na wapigieni TANESCO mkieleza kwamba ni dharura ya umeme kuvuja. Na ikitokea mtu amenaswa, asishikwe kwa mikono. Kata umeme kwanza kwenye meni swichi, ndipo umguse. Aliyepigwa na shoti akazimia, akapata maumivu ya kifua au mapigo ya moyo yakamkimbia, aende hospitali hata kama amesimama na anasema yuko sawa.

Baada ya kila kitu kufungwa, kwenye RCD kuna kitufe chenye herufi T. Kibonyezeni mara moja kila miezi mitatu. Umeme ukate palepale. Usipokata, RCD hiyo imekufa na ibadilishwe siku hiyohiyo. Siku hiyo pia zisuuzeni taa kwa maji baridi ya bomba, mfute paneli za sola, na mkate majani yaliyozifunika. Kuhusu binti, siku mtakapomwita fundi wa vipimo naye awepo, aonyeshe ni nguzo ipi na alisimama wapi, kwa sababu mahali aliposimama patamwambia fundi mengi.